Kapari, mkate mkavu na mvinyo wa jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula cha Visiwa vya Eolie

Kila ninapowasimulia watu kuhusu chakula cha visiwa hivi, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyojua. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine yanatosha kwa maneno machache.

Visiwa vya Eolie viko wapi?

Viko kaskazini mwa Sisilia, kisiwa kikubwa cha Italia, katika Bahari ya Tireni, ambayo ni sehemu ya Mediterania. Vinavyokaliwa na watu ni saba: Lipari, Salina, Vulcano, Stromboli, Panarea, Filicudi na Alicudi. Vyote vimezaliwa na volkano, na moto wa baadhi yake haujazimika. Stromboli hurusha mawe ya moto mara nyingi kwa siku, usiku na mchana, hata mabaharia wakauita mnara wa taa wa Mediterania. Vulcano kililipuka mara ya mwisho kati ya 1888 na 1890, na mpaka leo kinafuka moshi wenye harufu ya kiberiti. Neno "volkano" lenyewe limetokana na jina la kisiwa hicho. Mwaka 2000 UNESCO iliviingiza visiwa hivi katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa sababu wanasayansi wamejifunza mengi kuhusu volkano hapo.

Kwa upande wa chakula na mvinyo, kisiwa cha kukishika akilini ni Salina. Ni cha pili kwa ukubwa baada ya Lipari, ndicho chenye kijani kingi zaidi, na mlima wake wa Fossa delle Felci unafika mita 962, kilele cha juu kuliko vyote katika visiwa hivyo.

Je, si chakula kile kile cha Sisilia?

Ni ndugu wa damu, lakini hawafanani sura. Ukitaka kuelewa jiko la Eolie, anza na maji. Hakuna mto. Kwa karne nyingi watu waliishi kwa mvua iliyokingwa kwenye paa tambarare za nyumba zao na kuhifadhiwa katika mabirika yaliyochimbwa chini, na hata siku hizi kuna maji yanayoletwa kwa meli. Watu wa visiwa vya Lamu waliokua wakichota maji ya jabia hawahitaji kuelezwa zaidi.

Pasipo na maji hakuna malisho ya ng'ombe, na mpunga usahau. Kinachostawi ni kile kinachovumilia: mzabibu, mzeituni, mtini, mlozi, mkapari, nyanya ndogo zenye ngozi ngumu. Bahari nayo ikichafuka majira ya baridi, mashua haziendi popote, na zamani kijiji kingeweza kukaa siku nyingi bila mgeni wala mzigo. Kwa hiyo kila kitu kilitafutiwa njia ya kudumu. Kapari zilitiwa chumvi, mkate ukaokwa mara mbili, tini na nyanya zikaanikwa, samaki wakawekwa chumvi, na zabibu zikakaushwa kabla ya kukamuliwa. Ladha za Eolie zinazosifiwa leo mezani zilianza kama akiba ya nyumba ya watu waliojua njaa. Mimi naziheshimu kwa sababu hiyo kabla hata ya kuzionja.

Kapari ni nini hasa?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na wengi hudhani ni mbegu au aina ya pilipili. Kapari ni kitumba cha ua, kinachochumwa kabla ua halijachanua. Mmea wake ni kichaka kinachotambaa, chenye majani ya mviringo na mizizi inayopenya mbali katika nyufa za mawe kutafuta unyevu. Utaukuta umejiotea kwenye kuta za ngome ya Lipari, mahali ambapo hakuna aliyeupanda.

Huko Salina kapari hupandwa mashambani, kwenye matuta ya ngazi yaliyokingwa na kuta za mawe. Aina inayopendwa zaidi inaitwa Tondina: haina miiba ya kumchoma mchumaji, na vitumba vyake ni vya duara, vizito na vigumu, haviharibiki upesi ndani ya chumvi. Uchumaji huanza Mei na kuendelea hadi Agosti. Kila kichaka hurudiwa baada ya siku nane hadi kumi hivi, na kazi yote ni ya mkono. Watu huingia shambani alfajiri kabla jua halijawa kali, wanainama kwa saa kadhaa, wanachuma kitumba kimoja kimoja. Ukichelewa siku chache, kitumba kinakuwa ua jeupe lenye nyuzi za zambarau, zuri sana kutazama, lakini mkulima amekwisha poteza. Ua lisipochumwa huzaa tunda dogo refu linaloitwa cucuncio, nalo pia hutiwa chumvi na kuliwa.

Kapari mbichi ni chungu, hailiki. Baada ya kuchumwa hutandazwa kivulini, kisha hupangwa ndani ya pipa: tabaka la kapari, tabaka la chumvi ya mawe, hivyo hivyo mpaka juu. Siku za mwanzo huhamishwa na kugeuzwa kila mara, la sivyo zinapata joto na kuchacha. Baada ya mwezi mmoja na zaidi uchungu umekwenda, na kinachobaki ni harufu kali tamu inayokaribiana na haradali. Hilo si mfano tu, kwani kapari na haradali zina kemikali za jamii moja zinazotoa ule ukali wa puani.

Kabla ya watalii kuja, kapari na mvinyo ndivyo vilivyoilisha Salina. Baadaye soko likajaa kapari za bei rahisi kutoka Afrika Kaskazini na Uturuki, mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliipa kapari ya Visiwa vya Eolie alama ya DOP, yaani jina hilo haliruhusiwi kutumiwa na kapari iliyolimwa kwingine. Alama haimwinulii mchumaji mgongo, lakini walau inampa sababu ya kudai bei ya haki.

Nimenunua kapari za chumvi. Nizitumieje?

Zisuuze chumvi ya juu, kisha ziloweke kwenye maji baridi kwa saa moja hivi, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Onja moja. Ikiwa bado ina chumvi kali, endelea. Zitie kwenye chakula mwishoni, wakati sufuria inakaribia kuepuliwa. Zikichemka sana harufu inapotea. Na chakula usikitie chumvi mpaka kapari ziingie, kwa sababu zitakuwa zimekufanyia kazi hiyo.

Zile za siki ndani ya chupa, ambazo ndizo mtu huzikuta kwa urahisi zaidi madukani kwetu, zina ladha ya siki kuliko ya kapari. Zitumie kama huna nyingine, ila usiihukumu kapari kwa hizo.

Pane cunzato ni nini? Nimeona picha zake kila mahali.

Maana yake ni mkate uliotiwa viungo, uliopambwa. Asili yake ni mkate uliokaushwa tanuri la pili mpaka ukawa mgumu kama gome, ambao mabaharia na wakulima waliubeba kwa sababu hauoti ukungu. Mkate huo ulirushiwa maji kidogo, wengine waliuchovya baharini, kisha ukamiminiwa mafuta ya zeituni na kuwekewa nyanya, kapari na oregano. Basi. Hicho kilikuwa chakula cha mchana cha mtu aliye shambani.

Siku hizi mkate ni wa duara, mkubwa, umechomwa juu ya makaa, na juu yake kunapandishwa jodari, biringanya, zeituni, samaki wadogo wa chumvi, jibini ya ricotta iliyookwa na kukunwa. Kijiji cha Lingua, Salina, kina sifa ya sahani hii, na mkate mmoja hushibisha wawili. Napenda zote mbili, lakini ile ya zamani yenye vitu vitatu juu ndiyo inayokuonyesha nyanya ya ardhi ya volkano ilivyo tamu.

Wanakula samaki gani?

Wengi unawajua. Jodari, chewa, faulusi, pweza, na samaki upanga ambaye hukatwa vipande vyembamba, vikakunjiwa ndani yake chenga za mkate, kapari na jibini, kisha vikachomwa. Kuna dagaa wa aina ya anchovi wanaowekwa chumvi na kutumika kama kiungo.

Fahari ya wavuvi, hata hivyo, ni ngisi anayeitwa totano, anayevuliwa usiku kwa taa. Aliyewahi kuona mashua za dagaa za Zanzibar zikiwaka karabai gizani atakuwa na picha hiyo tayari. Totano hujazwa chenga za mkate, jibini, kapari, kitunguu saumu na minyiri yake mwenyewe iliyokatwakatwa, hushonwa kwa kijiti, kisha hupikwa polepole katika mchuzi wa nyanya. Wapishi wengine humwaga Malvasia, mvinyo wa visiwa hivi, kidogo sufuriani. Asipikwe kwa haraka: ngisi huwa laini akipikwa dakika mbili au akipikwa karibu saa nzima, katikati hapo ni mpira.

Na nyama?

Kidogo. Sungura ndiye anayejulikana zaidi, anapikwa kwa siki na sukari pamoja na zeituni, seleri na kapari. Mchuzi wake una utamu na ukali kwa pamoja. Mlaji wa ukwaju hatashangaa.

Malvasia ni mvinyo gani?

Jina kamili ni Malvasia delle Lipari. Lipari hapa inasimama kwa visiwa vyote, kwani zamani viliitwa hivyo. Mashamba mengi yako Salina, karibu na Malfa na Leni na Santa Marina. Tangu 1973 unalindwa na sheria ya DOC, ambayo ni sheria ya Italia ya kulinda jina la mvinyo na mahali unapotoka.

Hutengenezwa kwa zabibu nyeupe ya Malvasia di Lipari, ikichanganywa na zabibu nyeusi ndogo inayoitwa Corinto Nero, asilimia 5 hadi 8 tu. Kiasi hicho kidogo cha zabibu nyeusi ndicho huuongezea mvinyo rangi na mwili.

Unaosifiwa zaidi ni passito, na njia yake ni hii. Zabibu huvunwa Septemba zikiwa zimeiva sana. Badala ya kukamuliwa hapo hapo, huanikwa juani juu ya vichanja vya matete kwa muda wa wiki mbili hivi. Jioni vichanja huingizwa ndani au hufunikwa, maana umande wa usiku mmoja unaweza kuleta ukungu na kuharibu kazi ya mwaka. Asubuhi hutolewa tena. Zabibu zinasinyaa, maji yanapungua, sukari na harufu zinabaki. Zikikamuliwa, hamira haiwezi kuimaliza sukari yote, hivyo mvinyo unabaki mtamu bila kuongezwa kitu. Rangi yake ni ya kaharabu. Pua inapata aprikoti iliyokaushwa, tini, asali, na harufu ya majani makavu ya mlimani.

Jambo moja lililonivutia: uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba zabibu hii ya Salina ni ile ile inayolimwa Dubrovnik huko Kroatia na Sitges huko Hispania, kwa majina tofauti. Ilisafiri na meli za biashara, kama mikarafuu na minazi ilivyosafiri kwetu.

Kweli mvinyo huu karibu upotee?

Kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 visiwa vilifikwa na filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi ya mzabibu, ambaye alikuwa tayari ameangamiza mashamba ya Ufaransa na kwingine Ulaya. Mvinyo wa Salina ulikuwa ukiuzwa mbali kwa meli za wenyeji wenyewe. Mizabibu ilipokufa, meli zilikosa mzigo, na familia nzima nzima zikahama kwenda Marekani na Australia. Ukipanda milima ya Salina au Filicudi leo utaona matuta ya mawe yakifuatana mpaka karibu na kilele, na ndani yake vichaka tu. Kila ukuta ule ulijengwa kwa mikono na mtu ambaye wajukuu zake pengine wako Melbourne. Mimi nilikaa chini nikayatazama muda mrefu.

Waliobaki waliendelea kutengeneza mvinyo kidogo wa nyumbani. Aliyeurudisha kwenye masikio ya dunia alikuwa mgeni: Carlo Hauner, mchoraji na mbunifu kutoka Brescia, kaskazini mwa Italia, aliyefika Salina katika miaka ya 1960 na kuipenda. Alinunua vipande vidogo vya ardhi iliyoachwa, akajifunza kwa wazee, akaboresha njia zao bila kuzitupa. Alifariki mwaka 1996. Jina lake bado liko kwenye chupa. Baada yake walifuata wengine, wenyeji na wageni, na sasa Lipari na Vulcano pia kuna mizabibu mipya.

Je, mvinyo una ladha ya volkano?

Wauzaji wanapenda kusema hivyo. Mzabibu haunywi mawe. Hakuna mzizi unaopeleka lava kwenye tunda. Volkano inafanya kazi kwa njia nyingine. Udongo wa majivu na mawe mepesi hupitisha maji haraka, mizizi inalazimika kwenda chini, mzabibu unazaa kidogo, na kinachozaliwa kinakuwa kizito kwa ladha. Ongeza upepo wenye chumvi unaovuma kutoka pande zote za kisiwa. Ule mguso wa chumvi mwishoni mwa Malvasia kavu naupata kila mara, na nadhani bahari inahusika zaidi kuliko moto.

Kuna Malvasia kavu?

Ipo, na inazidi kutengenezwa. Zabibu huvunwa mapema zaidi, haziwekwi juani, mvinyo unatoka mweupe, mwepesi, wenye harufu ya maua. Huo ndio wa kunywa na samaki. Passito ni wa baada ya chakula, kwenye glasi ndogo, ukiwa wa baridi kiasi, pamoja na biskuti za ufuta au za lozi. Wazee huchovya biskuti ndani ya glasi, na hakuna anayewakataza.

Wanaouliza kama unafanana na mvinyo wa Dodoma: hali ya hewa ya kule ni kavu pia, lakini Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka na Salina mara moja tu. Kila moja ina heshima yake.

Sinywi pombe, na nakula halali. Kuna kitu kwangu?

Kingi. Samaki, saladi, kapari, mkate na mboga vinatosha kwa wiki nzima. Uliza mambo mawili. Kwanza, kama mchuzi umetiwa mvinyo, hasa wa ngisi na sungura. Pili, kama keki na biskuti zimekandwa kwa strutto, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Katika Sisilia hilo ni la kawaida. Nacatuli, vile vitamu vya Krismasi vilivyojazwa lozi, machungwa na mdalasini, mara nyingi vina Malvasia ndani. Biskuti za spicchitedda hukandwa kwa vino cotto, na ingawa jina linasema mvinyo, hiyo ni maji ya zabibu mbichi yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali kabla hayajachacha. Muulize mpishi alivyotengeneza, wanapenda kueleza.

Na kuna granita: maji, sukari na tunda, vikigandishwa huku vikikorogwa mpaka viwe chenga laini. Ya limau, ya lozi, ya forosadi, ya tini. Watu huila asubuhi na mkate laini wa maziwa, kama chai na maandazi. Ya lozi ndiyo ninayoikumbuka.

Naweza kupika kitu cha Eolie nyumbani Mombasa au Dar?

Anza na saladi yao. Chemsha viazi viwili na maganda, vipoe, vimenye na kuvikata vinene. Kata nyanya zilizoiva, lakini ngumu. Kata kitunguu chekundu vipande vyembamba na ukiloweke maji baridi dakika kumi kipunguze ukali. Changanya vyote, tia kapari zilizolowekwa, zeituni, oregano kavu uliyoisugua kiganjani, na mafuta ya zeituni bila ubahili. Iache robo saa ndipo ule, kwa sababu viazi vinahitaji muda wa kunywa maji ya nyanya. Usiitie kwenye friji.

Ukiwa na lozi, twanga kwenye kinu kiganja kimoja cha kapari, viganja viwili vya lozi zilizokaangwa kavu, punje ya kitunguu saumu, majani ya rehani au nanaa, pilipili kidogo na mafuta ya zeituni. Changanya na tambi za moto na kijiko cha maji zilizochemkia. Nimeila pia na muhogo wa kuchemsha, na sioni aibu kuipendekeza.

Niende lini?

Mwishoni mwa Mei na Juni kapari zinachumwa, na kijiji cha Pollara hufanya sherehe yake ya kapari mwanzoni mwa Juni. Septemba kuna mavuno ya zabibu. Agosti kuna watu wengi mno na bei za juu. Majira ya baridi mikahawa mingi hufungwa, na boti huweza kusitishwa kwa upepo. Boti za kasi huondoka hasa bandari ya Milazzo, kaskazini mashariki mwa Sisilia. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Anza maombi mapema.

Ninunue nini, na nitajuaje ni halisi?

Kapari za chumvi, bila shaka. Tafuta alama ya DOP yenye jina la Isole Eolie. Ziminye kidogo ukiruhusiwa: nzuri ni ngumu, za kijani inayokaribia rangi ya zeituni, na chumvi yake ni kavu. Ndogo ni ghali zaidi, lakini kwa kupikia nyumbani za ukubwa wa kati zinanitosha. Pakiti iliyofungwa vizuri ni nyepesi na haimwagiki.

Malvasia passito huuzwa sana katika chupa ndogo, na bei yake huwashtua watu. Kumbuka kwamba zabibu zimepoteza maji mengi vichanjani kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo kilo nyingi hutoa chupa chache. Soma lebo: iandikwe Malvasia delle Lipari DOC, na neno passito. Ikiandikwa liquoroso, ujue imeongezewa pombe kali. Si mbaya, ila si ile niliyoieleza. Chupa iweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, ukiifunga kwa nguo. Kapari ukifika nyumbani ziache ndani ya chumvi yake, mahali pakavu pasipo na jua, na uchote kwa kijiko kikavu.